Paka Aliyevushwa Maji

Ngazi za jengo letu la Mchafukoge zilinuka udi kila Alhamisi jioni, na msimu ule nilianza kuiogopa harufu hiyo. Awali udi ulikuwa wa Bibi tu, mama yake mama, aliyenilea. Sasa walifukiza majirani wote, mlango kwa mlango, na waliyemfukizia ni paka wangu.

Aliitwa Kipilipili. Aliachwa na mpangaji wa ghorofa ya juu, mama mmoja wa kigeni aliyehamishwa kikazi, na manyoya yake yote yalijisokota, mpaka sharubu. Mama yule alinieleza kuwa kwao ni aina ya paka inayojulikana, akanifundisha kumtunza: nisimchane kwa kitana chenye meno membamba, nimwogeshe kwa maji ya vuguvugu, nimkaushe kwa kumbonyeza na taulo bila kumsugua, nimpanguse nta masikioni. Bibi alicheka hadi akakohoa, akasema hata mimi sikuwahi kutunzwa nywele hivyo. Lakini siku moja nilimkuta amempakata, anampaka mafuta ya nazi kama alivyonipaka mimi kabla ya kunisuka. Kipilipili akajilamba mpaka akatapika mkekani.

Kisha mtoto wa Mama Salma wa ghorofa ya chini akatoka mapunye, mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimenyonyoka. Akafuata mwingine, na mwingine. Watu wakaanza kunipisha kwenye ngazi, khanga wamezivuta pembeni. Asubuhi moja tulikuta chumvi ya kufukuza uchawi imemwagwa kizingitini.

Ijumaa baada ya sala, Mama Salma akaja kwetu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha. Bibi, yule paka ana nywele za mtu. Watoto zinawaisha, yeye zinazidi kujaa. Mvusheni maji."

Paka mdokozi wa samaki ndivyo alivyofanywa mtaani kwetu: anatiwa kikapuni, anafunikwa, anavushwa kwa feri ya Magogoni na kuachwa Kigamboni, kwa imani kwamba paka hawezi kunusa njia ya kurudi juu ya maji. Nililia nikamshika Bibi miguu. Nilimwambia Kipilipili hajui kuwinda, hajawahi kulala nje, akilowa hakauki upesi. Bibi akanijibu taratibu, "Mjukuu wangu, na sisi tunaishi na watu."

Kipilipili alilia njia nzima kwenye feri, abiria wakawa wanatugeukia. Ng'ambo, karibu na wauza samaki, Bibi alifungua kikapu, akanivuta mkono, akanikataza kutazama nyuma. Nilitazama. Alikuwa amekaa palepale, anatusubiri.

Mapunye hayakuisha. Yaliwatoka hata watoto ambao hawakuwahi kumgusa paka, mpaka daktari wa zahanati akauliza wananyolewa wapi. Wote walinyolewa kwa kinyozi wa chini ya jengo, kwa mashine moja isiyosafishwa. Bibi aliposikia hayo aliingia chumbani, na siku ile hakula. Mlangoni kwa kinyozi hakuna aliyemwaga chumvi.

Siku hizi naishi Kigamboni. Daraja lipo, na picha za paka wa aina ile unazipata kwenye simu kabla chai haijapoa, kwa hiyo nilidhani mambo yale yamepita. Mwaka huu paka wa mtaani amezaa chini ya ngazi zangu, na kitoto kimoja kina sharubu zilizojikunja. Nimekichukua, nakiogesha kwa maji ya vuguvugu. Wiki iliyopita jirani yangu alisimama getini, akakataa kuingia.

"Dada, mwanangu ametoka mabaka kichwani," alisema, macho kwa paka. "Si umvushe tu?"

Nikamuuliza mwanawe ananyolewa wapi. Akavuta khanga yake pembeni, akaondoka.

Leo asubuhi nimekuta chumvi kizingitini. Nimeifagia, kisha nimefunga mlango, paka akiwa ndani.