Ufunguo wa Ganya na Viti Viwili vya Enzi

Kisima cha wafugaji, nje kidogo ya Kulamawe katika Isiolo, kilikuwa na kanuni moja, na Ganya ndiye aliyeiweka: aba herega, yaani msimamizi wa zamu za maji, atakaa miaka minane kama kiongozi wa gada, utawala wa kimila wa kupokezana, kisha amkabidhi mwingine ufunguo wa injini ya kuvuta maji. Aliyemtangulia katika kazi hiyo alizoea kunywesha ngamia wa ndugu zake kwanza, na Ganya aliichukia dhuluma hiyo. Kwa miaka minane hakuna aliyemlaumu. Ng'ombe wake mwenyewe walisubiri zamu wakiwa na kiu kama wa wengine.

Mwaka wa tisa ulipoingia, hakukabidhi.

"Nani anajua hii injini kama mimi?" aliuliza. Ukame ulikuwa mkali, wazee wa kamati ya kisima walikuwa wamechoka, wakamwacha.

Siku Malkia Elizabeth alipozikwa, Septemba ya 2022, Ganya alikaa kwenye duka la Kobia, Mmeru aliyeuza miraa na sukari, wakitazama televisheni. Jeneza lilipita kati ya wanajeshi na umati uliokuwa ukilia.

"Unaona, Kobia? Miaka sabini, na hakuna mtu alimwambia toka. Ukikaa, heshima inakuja."

Kobia alikuwa akichambua miraa. "Babu yangu alifungwa kambini na serikali ya huyo mama. Lakini wacha hiyo. Mbona husemi juu ya Haile Selassie, na picha yake iko kwako ukutani? Yeye pia si alikaa? Miaka zaidi ya arobaini. Halafu wanajeshi wakamtoa ikulu na kagari kadogo ka Volkswagen."

"Huyo alisalitiwa," Ganya alisema. Picha ile aliirithi kwa baba yake, aliyevuka mpaka kutoka upande wa Ethiopia.

"Na watu wake wa Wollo waliokufa njaa, walisalitiwa na nani? Sikiza, mzee. Huyu mama alikaa kwa kiti, lakini kazi ya kutawala aliachia wengine. Mawaziri wakuu walikuja, wakaenda. Huyo wenu alitaka kiti na kila kitu kilicho chini yake. Sasa wewe, mfalme wa Kulamawe, ufunguo uko wapi?"

Watu dukani walicheka. Ganya akagusa mfuko wa shati. "Uza miraa yako, Mmeru."

Hawakujua kwamba injini ilikuwa imeanza kugonga na kutoa moshi mweusi. Ganya alijua. Kumwita fundi kutoka Isiolo mjini kulitaka kibali cha kamati, na kamati ikikutana ingeuliza habari ya ufunguo. Basi akawa anaongeza oili na kunyamaza. Kule Ethiopia njaa ilifichwa ili kiti kisitikisike. Ganya alificha mlio wa injini. Ukubwa wa mambo haya haulingani, lakini dhambi ni ile ile.

Mwanawe Bule, kijana aliyeoa karibuni, alikuwa na masikio.

"Baba, injini inalia vibaya. Wape watu ufunguo, waite fundi."

"Ukiwa mkubwa utaelewa."

"Mke wangu ana mimba, Baba. Nitakuwa mkubwa lini?"

Ganya alichukua kopo la oili, akaenda kisimani. Wiki iliyofuata injini ilizimika mchana, mifugo ikiwa imejaa mbele ya birika. Fundi alipokuja alisema kwamba angeitwa mapema ingetosha kubadilisha kipuri kidogo. Sasa injini nzima ilikuwa imekufa. Ilibidi mifugo ihamishwe mbali, kuelekea upande wa Oldonyiro, ambako watu walikuwa wakigombania maji kwa bunduki. Ganya alikuwa mzee, hakuweza kutembea safari ile. Bule akaenda, na ng'ombe wa baba yake na wa majirani mbele yake.

Wezi wa mifugo walimpiga risasi karibu na maji. Wenzake walimzika huko huko siku ile ile, kama dini inavyotaka, na baba yake hakuwahi kufika.

Baada ya hapo Ganya aliupeleka ufunguo kwa Bonaya, mwenyekiti wa kamati, mbele ya watu. Bonaya aliupokea, akautia mfukoni. Ulikuwa ufunguo wa injini isiyozunguka.

Malkia alipokufa aliacha kiti, na mwanawe akakikalia siku ile ile. Mfalme wa Ethiopia hakuacha kiti mpaka alipong'olewa, na mifupa yake ilifichwa miaka mingi chini ya sakafu ya ikulu yake mwenyewe. Ganya alidhani anafuata njia ya Malkia kwa sababu alipenda mazishi yake. Hakutazama jinsi kila mmoja wao alivyokaa.

Aliivunja kanuni yake mwenyewe kwa muda usiotimia mwaka. Watu wa Kulamawe walipoteza kisima, mifugo haikurudi, na mtoto wa Bule alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini.