Kibao cha Nyuma ya Jikoni

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifundisha sayansi miaka mingi, na alipostaafu akakosa wa kumfundisha ila sisi. Mgeni akifika kwetu Kangundo, kabla hata ya kupewa chai alikuwa ameshapelekwa nyuma ya jikoni kuonyeshwa mmea mmoja mnyonge uliozungushiwa mawe. Mbele yake palichomekwa kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: Achillea millefolium.

"Wengine huita yaro," alisema, "lakini hilo si jina la maana. Neno hili la kwanza kwenye kibao ni la shujaa wa Wagiriki wa kale. Hii kitu ndiyo alikuwa anatibu nayo askari wake wakikatwa vitani. La pili maana yake ni majani elfu. Haya, hesabu."

Hakuna aliyehesabu. Mimi niliyeolewa hapo na kukabidhiwa jembe nililisikia somo hilo hadi likanichosha. Shujaa gani huyo anayenyauka kabla ya saa nne asubuhi? Sukuma wiki yangu ilikosa maji ili Mgiriki anywe.

Siku moja alipokuwa akienda sokoni Tala alinikuta nikipalilia, akaninyooshea kidole mbele ya watoto wangu. "Shemeji, usiguse hiyo yangu." Alipopotea tu njiani, nikaing'oa. Si kwa bahati mbaya, ni kwa hasira. Nikamtupia mbuzi, naye akainusa akaondoka zake.

Nilingoja kelele, hazikuja. Mvua zilikuwa zimeanza wiki ile, na katikati ya mawe yale, ubavuni mwa mmea wake, tayari lilikuwa limechipua gugu linalojaa kando ya barabara zetu, lenye majani yaliyochanika na viua vyeupe, lile linalowawasha watu ngozi. Likakua haraka. Mwalimu wa sayansi akalitazama, akafurahi.

"Umeona vile imepata nguvu?"

Akaita wageni, akawasomea kibao. Nilikuwa jikoni nimejiziba mdomo kwa leso, nacheka. Majivuno yote yale, kumbe mmea wenyewe hakuujua. Alichojua ni kibao.

Kisha panga likamteleza akipogoa mikahawa, likampasua mguu chini ya goti. Mume wangu akaita boda boda impeleke hospitali. Shemeji akakataa. Akachuma majani yake, akayaponda, akayafunga juu ya kidonda.

"Askari walipona na hii," alisema.

Ningesema hapo. Lakini ningemwambia hilo ni gugu, angeuliza mmea wake uko wapi. Nikashika jembe langu, nikajiambia kiburi chake kitamfunza.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, ngozi imejaa malengelenge, na homa inamtetemesha. Tukambeba hadi hospitali ile ile aliyoikataa. Mguu uliokolewa kwa shida, ila mpaka leo anauburuta. Niliogopa siku zile kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu yenyewe haikunifungua mdomo.

Wageni bado wanapelekwa nyuma ya jikoni, siku hizi polepole. Somo nalo limeongezeka. Anapandisha suruali, anaonyesha kovu, anasema bila ile dawa angekatwa mguu. Wageni wanatikisa vichwa. Zamani ningekimbilia leso yangu.

"Kama hamuamini, ulizeni shemeji," anawaambia, akinigeukia kwa shukrani. "Yeye ndiye huwa anaipalilia."

Nami naitikia, ndiyo.