Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Mama yangu hakuwa akiniita kwa jina langu. Nilirithi jina la babu mzaa baba, na kwetu Kanoni enzi hizo mwanamke aliyeolewa hakutamka jina la baba mkwe wake, hata akiwa peke yake shambani. Kwa hiyo tangu nikiwa kitoto cha kutambaa aliniita "Tata", yaani baba. Wageni walicheka. Mimi sikucheka.

Jina lenyewe lilikuwa fupi, silabi mbili tu, na kwa Kinyambo, lugha yetu, lilitokana na mvua, kwa kuwa babu alizaliwa siku ukame ulipovunjika. Mama alichukua mwiko huo kwa uzito wake wote, hata mvua yenyewe hakuitaja. "Anueni kahawa," angesema, "maji ya juu yanakuja." Baba, shangazi na majirani waliliita jina langu kutwa nzima mpaka likanichosha vinywani mwao. Mimi nililitaka kinywani mwa mama. Nililitamani kama mgonjwa anavyotamani maji. Mara nyingine nilijificha migombani nikijifanya nimepotea, nikiamini kwamba akichanganyikiwa litamtoka. Akapita karibu nami akiita, "Tata! Tata we!" mpaka nikatoka kwa hasira.

Nilipobatizwa nikapata matumaini. Padri alinipa jina la mtakatifu, nalo fupi, akatueleza kwamba lilianza kwa Kiebrania likiwa refu, na maana yake ni kuwa Mungu ametoa. Warumi wakalikata, Wazungu wa kwao padri wakalikata tena, na lilipotufikia sisi tukalibandika irabu mwishoni lipate kukaa mdomoni. Nikakimbia nyumbani kumwambia mama kwamba sasa lipo jina la kuniita, halina mkwe wala mwiko.

Alikuwa akimenya ndizi. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Hilo ni la kanisani, Tata. Nikikuita hivyo hapa migombani ataitika mtakatifu mwenyewe, na ndizi zenyewe hazitoshi."

Nilisusa chakula siku hiyo. Nikikumbuka najionea haya.

Vita ya pili ilikuwa imekwisha nilipopata nafasi ya kusomea ualimu Bukoba. Ilikuwa nipande lori la kahawa. Mama aliniagia nyumbani. Alinishika mikono yote miwili, akasema "Tata", akashindwa kuendelea, akaingia ndani. Nilisindikizwa barabarani na shangazi, dada yake baba, na tulikwenda tukinuniana kwa sababu alitaka nimwachie blanketi langu jipya, ati huko chuoni wanagawa. Niligoma. Nikapanda juu ya magunia bila hata kumuaga.

Lori lilipoanza kuondoka nikasikia sauti ya mwanamke ikiniita nyuma yangu, kwa jina langu. Ikaita tena, kwa nguvu zaidi. Kwa ngurumo ile ya injini sauti ya nani ungeitambua? Niliyemwacha barabarani ni shangazi, naye jina lile alikuwa na ruhusa nalo. Nikakaza macho mbele. Nikasema moyoni, akome, na blanketi simpi.

Mama aliugua homa, akafariki kabla ya likizo yangu ya kwanza. Barua ilinifikia ameshazikwa.

Niliporudi nilikwenda kwanza kaburini, kisha kwa shangazi, maana msiba ulikuwa umenifundisha kutobaki na kinyongo na mtu aliye hai.

"Shikamoo, shangazi. Unisamehe. Siku ile uliponiita nikiwa juu ya lori, nilikusikia, nikafanya makusudi nisigeuke."

Akatikisa kichwa.

"Mimi sikukuita. Nilikuwa nimeshashika njia ya kurudi, nimekasirika. Nilipishana na mama yako akikimbia, khanga inaburuzika. Nikamsikia anakuita. Nilisimama pale pale, sikuamini masikio yangu."



Shangazi akanieleza yaliyofuata. Kesho yake mama alibeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mpaka kwa babu, akapiga magoti nje ya mlango, akakiri kwamba ametamka jina lisilotamkwa. Babu alipokea kibuyu, akaonja, akasema yamekwisha. Kisha akamuuliza jambo moja tu: je, mtoto aligeuka?

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Alisema uligeuka. Ukampungia mkono mpaka lori likapotea."

Nilimsikia mama mara zote mbili.