Aliyeshika Zamu ya Mwenzake

Wiki moja baada ya uchaguzi wa rais wa Marekani, nilipanda basi la Burnsville nikakaa nyuma ya wauguzi wawili, akina dada Wakenya.

“Watu kama wewe ndio mmetuangusha,” mmoja alifoka. “Kura moja tu imekushinda!”

“Si nilikushikia shifti ndio ukapige yako?” mwenzake alijibu polepole. “Foleni ikakuchelewesha. Nilikungoja wodini mpaka vituo vikafungwa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulirudi ukiwa na furaha sana.”

 Yule wa kwanza akavua glavu, akamfunga mwenzake skafu vizuri shingoni.

Wachambuzi bado wanatafuta wa kulaumiwa. Hawa wawili waliteremka kwenye theluji wameshikana mikono.