Shamba la Bibi Yustina Kutoka Juu

Siku ile ya kijijini Msanzi, mwanangu, naikumbuka kila ninaposikia droni yako ikivuma juu ya mabati yetu hapa Kizwite.

Enzi zetu hazikuwepo hizi zinazosimama hewani zenyewe. Tulikuwa na helikopta ndogo ya rimoti, kamera tumeifunga chini yake kwa mipira ya tyubu ya baiskeli ili isitetemeke. Fundi aliyenifunza kazi, Baba Skola, siku hiyo alinikabidhi rimoti kwa mara ya kwanza mbele ya mteja.

Mteja alikuwa Bibi Yustina, mjane. Wanawe wanne walikuwa wametawanyika, mkubwa amekwisha vuka Ziwa Tanganyika kupitia bandari ya Kasanga, na hakuna aliyekanyaga nyumbani tangu msiba wa baba yao. Alitaka tupige video ya nyumbani kutoka juu, ampelekee kila mmoja. Wakiiona, alisema, labda watakumbuka njia.

Tulianza asubuhi, kabla upepo wa Ufipa haujaamka. Nami kijana, damu inachemka, nikaizungusha juu ya paa, nikaishusha hadi zizini, nikaipandisha tena. Kuku wakakimbilia jikoni. Nilidhani nafanya kazi. Baba Skola akaitazama picha mpaka mwisho.

"Huyu ni nzi aliyefungiwa kwenye chupa," alisema. "Mama anataka wanawe waone nyumbani. Wewe umewaonyesha kizunguzungu."

Niliona haya, maana bibi alisikia. Aligeuza uso, nadhani alikuwa akicheka. Kisha fundi akanieleza taratibu: vijiti vya rimoti vishike kama umeshika kifaranga, ukipanda usigeuke, ukigeuka usipande. Mwenda pole hajikwai.

Nikarusha tena, polepole. Ndipo tukaliona shamba. Unazijua ntumba zetu, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani zioze. Ukiwa chini, yalikuwa matuta tu. Kutoka juu yalikuwa yamegawanyika sehemu nne, na vijia katikati. Nikamuuliza bibi sababu.

"Kila mwanangu ana sehemu yake," alisema. "Nalima kila mwaka. Akirudi asikute pori."

Ningeendelea na fujo zangu, shamba lile lisingeonekana kabisa.

Msimu uliofuata nilipita pale. Sehemu moja ilikuwa inalimwa na kitindamimba wake, jasho likimtiririka. Alikuwa ameiona video. Zile tatu bibi alizilima mwenyewe, na kila alipoinua mgongo alitazama barabara. Nilimwamkia, nikaenda zangu.

Sasa zamu ya kungoja ni yangu. Watoto wangu wa kuzaa wako mbali, na jioni nyumba hii huwa kubwa kuliko nilivyoijenga. Wananitumia video za huko waliko. Zinakimbia mno, sura zao siziwahi.

Basi, mwanangu, mkono hutulia ukijua ni nani atakayetazama. Kabla hujarusha, uliza aliye mbali anangoja kuona nini. Ukimkuta mtu amesimama peke yake uani, usimpite upesi. Na kazi ikikupeleka mbali, usingoje kutumiwa picha ya kwenu. Rudi ungali na wa kukupokea.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lenye subira, na popote utakapokwenda, akurudishe ukute pamelimwa.