Muuguzi Aliyefuata Majeraha Hadi Kwenye Chemchemi

Pale zahanati walimwita Sindano, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alishona vidole vya maseremala, magoti ya watoto na, kila kiangazi, vichwa. Vichwa vilikuja viwili viwili: kimoja cha mtaa wa juu, kingine cha mtaa wa bondeni. Wenyewe aliwakalisha kwenye mabenchi tofauti, wasije wakaanza upya.

Kiangazi kimoja akaletewa mdogo wake wa mwisho. Jiwe lilikuwa limelikosa jicho kidogo tu.

"Mmegombania nini safari hii?" aliuliza akitunga uzi.

"Dada, we shona tu."

"Nimekuuliza."

"Maji. Wa juu wameziba mfereji."

Kwenye benchi la pili, mwashi wa mtaa wa juu akadakia, kitambaa kimemganda kichwani. "Muongo huyo! Tuzibe nini? Hata kwetu maji hayapo!"

Sindano aliwashona wote wawili, lakini neno hilo halikumtoka. Kama maji hayapo juu wala chini, nani kamwibia nani?

Siku yake ya mapumziko alivaa buti za mumewe akapanda kilima hadi kwenye chemchemi inayolisha mfereji wa mitaa yote miwili. Alichokikuta kilimkalisha chini. Miti iliyoifunika alipokuwa msichana ilikuwa imeisha, imekatwa kuchomea matofali. Ukingo ulichimbwa udongo ukabaki mashimo, na jicho la chemchemi lilizibwa na tope na mifuko ya plastiki. Matofali hayo yalijenga mitaa yote miwili. Yalijenga hata chumba chake cha uani, na alipokumbuka hilo aliona haya peke yake.

Wiki iliyofuata wale majeruhi wawili walirudi kutolewa nyuzi. Sindano alibeba mkoba wake akawaambia, "Leo natolea kule juu. Asiyetaka kupanda, akae nazo."

"Shemeji yetu anajua una mambo haya?" mwashi aliuliza.

"Anajua. Amekimbilia kazini mapema."

Aliwakalisha juu ya mawe, akawatoa nyuzi, kisha akawapa jembe moja la kupokezana. Walichimba tope, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, mpaka maji yalipochomoza membamba kama uzi, na mwashi akasema taratibu, "Kumbe yapo."

Jumapili zilizofuata walikuja wengine, wa juu na wa chini, wakiwa na miche ya miti. Si kwamba walipendana. Waliogopa kuachwa nje ya hesabu ya maji. Sindano hakujali kilichowaleta, alijali kama wamekuja na ndoo.

Mwaka wa pili ikaonekana miche arobaini imekatwa, na vijana wa bondeni wakaanza kuokota mawe. Sindano alisimama katikati.

"Kabla hamjarusha," alisema, "hebu mmoja aniangalizie huo mkato. Ni panga au ni meno?"

Mdogo wake akainama, akaugeuza mche mmoja mkononi. "Meno," alisema hatimaye. "Mbuzi." Na mbuzi waliokuwa wakizurura kilimani walikuwa wa bondeni, wa kwao. Mwashi alicheka mpaka akashika mbavu. Wale vijana walidondosha mawe mmoja mmoja, wakitazama miguu yao. Jumapili ile walijenga ua wa miba.

Kiangazi cha tatu maji yalipungua, hayakukatika. Mitaa iligawana siku, mwashi akiandika zamu na mdogo wake Sindano akizisimamia, na hakuna kichwa kilicholetwa zahanati. Wachoma matofali bado hawajakubali kuhama ukingo wa chini wa chemchemi. Sindano huwaendea kila Jumamosi, anakaa kwenye rundo la matofali yao, anaanza upya maneno yaleyale, nao humtengea mahali pa kukaa.