Chembe za Buluu Katika Jiwe la Huntly

Bi Elspet Cruickshank alikuwa na mdomo mkali kuliko msumeno wake. Kwa miaka ishirini na minane alikata mawe ya chuo chetu na kuyasaga kwa unga mkali wa kusugulia juu ya kioo, hadi kipande kikawa chembamba mno, mwanga ukapenya. Hapo sisi wasomi tulikiweka chini ya hadubini na kujidai tunajua jiwe lilivyozaliwa. Alijivunia jambo moja tu: hakuna aliyewahi kukuta punje ya unga wake ndani ya kipande. Kila alipobadili unga, alinawa hadi viwikoni.

Mwaka 1968 nilimpelekea jiwe kutoka vilima vya Huntly, mahali ambapo zamani uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ulipanda kutoka chini ukaipika miamba iliyouzunguka.

"Nalitaka leo, Bi Elspet. Ijumaa nasimama mbele ya walimu."

"Jiwe limengoja miaka milioni mia tano, wewe kesho tu inakushinda? Mwenye pupa hadiriki kula tamu, kijana."

"Tafadhali. Sitoki hapa."

Kweli sikutoka. Nilimsimamia kichwani nikitazama saa, hata alipogeukia bomba la maji anawe nikamwambia, "Acha bwana, mikono mbona safi!"

Katika kipande kile niliona chembe za buluu. Nikazidhania madini adimu yanayozaliwa kwenye joto kali mno. Niliandika kurasa kumi na mbili, nikajiona profesa tayari.

Ijumaa, nikiwa katikati ya maelezo, Bi Elspet aliingia na aproni yake ya vumbi. Asubuhi ile alikuwa amechungulia kipande changu. Akanipa kioo kingine.

"Kiweke hiki."

Nikakiweka kwenye mashine iliyokuwa ikitupa picha ukutani. Chembe zile zile za buluu zikajaa ukutani.

"Hapo hamna jiwe, ni unga wangu mtupu," akawaambia walimu. "Sikunawa mikono. Kosa langu, mtoto msimlaumu."

"Ah, Elspet! Hata wewe?" mkuu wa idara akasema.

Bi Elspet masikio yalimwiva kwa aibu. Mimi nilijua kwa nini hakunawa, na neno moja lingetosha. Nilinyamaza. Niliona haya siku ile, na hadi leo naona haya.

Jumatatu nilimfuata karakanani.

"Mbona hukuwaambia nilikuharakisha?"

"Mikono ni ya nani?" Akanisukumia nusu ya jiwe iliyobaki. "Saga mwenyewe. Nawa kwanza."

Nilisaga siku tatu. Jiwe lilikuwa limepikwa, ndiyo, lakini kwa joto la kawaida tu la miamba ya pale. Hapakuwa na buluu hata chembe.

Bi Elspet alibaki nasi miaka sita zaidi kabla ya kustaafu. Wanafunzi wapya walikuja, akawafokea, akawafundisha kunawa. Ila ile sifa yake, kwamba hakuna aliyewahi kukuta punje ya unga wake, sikumsikia akiitaja tena.